Tulifika Kaisho Kabla Hatujafika

Jumapili baada ya ibada mlinizunguka nje ya kanisa, ninyi wanakwaya wenzangu, mkitaka kujua imekuwaje mtu aliyeaga kwamba anakwenda Kaisho na kurudi jioni akarudi siku ya tano akitokea Mwanza, tena amevaa kitenge kisicho chake. Niliwajibu kwa mkato kwa sababu jua lilikuwa kali na nilikuwa na njaa. Sasa naandika yote kwa mpangilio, kama nilivyozoea miaka yangu ya ukarani katika mahakama ya mwanzo: nani alisema nini, wapi, na saa ngapi. Daftari langu nilikuwa nalo. Habari za fomu, vibali na kujisajili naziruka, hazina utamu.

Jambo moja lazima mlijue kwanza. Kaka yangu Erasto mnamfahamu, amebeba ndizi za Karagwe na Kyerwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Fuso anayoendesha si yake, ni ya mzee mmoja wa Bukoba, Ta Method. Mwaka huu Ta Method amejiunga na aplikesheni ya kutafutia malori mizigo. Mwenye mzigo anaandika alicho nacho na kinakokwenda, simu inatafuta lori lililo karibu, na dalali anabaki kunywa chai. Ta Method akamwambia kaka: “Nakupa safari tatu za majaribio. Ukizimaliza bila doa, gari utaliendesha mpaka uchoke mwenyewe. Ukipata doa, namkabidhi mtu mwingine anayeijua simu.”

Safari mbili kaka alizimaliza vizuri. Binti yake Jeni alikaa pembeni akibonyeza simu. Jeni akarudi chuoni, na safari ya tatu ikaniangukia mimi. Kazi yangu ilikuwa kushika simu hadi Kaisho, mzigo upakiwe, kisha kaka anishushe Kayanga na yeye aendelee hadi Mwanza. Mzigo ulitakiwa ufike sokoni Mwanza siku ya tatu kabla ya saa mbili asubuhi.

Ihanda hadi Omurushaka

Tuliondoka Ihanda saa kumi na mbili asubuhi. Ndani ya gari palikuwa safi kuliko sebule yangu. Kaka alifuta kioo kwa kitambaa, akafuta usukani, akanitazama miguu kana kwamba anataka kuifuta pia. Tulipita Kayanga maduka yakiwa bado yamefungwa, tukapita Bugene watoto wa shule wakiwa wamejipanga kandokando ya barabara, tukafika Omurushaka saa moja kasorobo.

Pale tulikula katogo, ndizi na utumbo, kwa mama mmoja ambaye hakuuliza tunataka nini. Aliweka sahani mbili mezani akasema, “Ta Erasto, leo umekuja na mke mpya?”

“Huyu ni mdogo wangu, amestaafu mahakamani.”

“Aa, basi nimpime nyama vizuri asije akanishitaki.”

Tukiwa tumerudi garini, kaka akawasha injini, akasema, “Yusta, bonyeza Nimefika.”

“Tumefika wapi, Kaka?”

“Kaisho.”

Nilitazama nje. Palikuwa na mama anapanga nyanya, bodaboda watatu wakigombania abiria mmoja, na duka la dawa lenye kibao kilichoandikwa Omurushaka kwa herufi kubwa nyekundu.

“Kaka, hapa ni Omurushaka.”

“Najua. Mimi ndiye niliyekuleta. Wewe bonyeza, wale watu waanze kukata.”

Nitaeleza, maana safari nzima iligeukia hapo. Mkungu ukishakatwa, siku zake zinahesabika. Hakuna mkulima mwenye akili anayekata ndizi zake kwa ajili ya gari asilo na hakika nalo. Ukimpigia ukasema ndiyo kwanza unatoka Omurushaka, atakwambia sawa, kisha atakwenda kufunga mbuzi, atakunywa uji, atamsikiliza jirani. Kwa hiyo madereva wa ndizi, tangu simu zilipoingia, wakifika Omurushaka wanapiga na kusema, “Nimefika.” Mkulima akisikia hivyo anajua gari liko Omurushaka, ananoa panga. Naye anajibu, “Mzigo tayari, uko barabarani,” ilhali mikungu yote bado iko juu ya migomba. Dereva naye analijua hilo. Basi gari na mikungu vinatoka kila kimoja upande wake na kukutana barabarani kwa wakati mmoja. Katika maneno hayo hakuna aliyewahi kudanganywa.

“Jeni alikuwa anafanya hivi?” niliuliza.

“Zile safari mbili zilikuwa za maharage, tena ghalani. Maharage hayakatwi.”

Mimi, niliyewaapisha mashahidi miaka yote ile nikiwakumbusha kusema kweli tupu, nikabonyeza.

Simu ikazungusha kiduara chake, ikaandika kwamba mteja amejulishwa. Haikupita dakika tatu, jibu la mteja likaja: Mzigo tayari.

“Unaona?” kaka akasema kwa furaha, akiingiza gia. “Watu wa Kaisho ni waaminifu sana.”

Omurushaka hadi Nkwenda

Barabara ya Murongo inatengenezwa. Mahali pengine unateleza juu ya lami mpya, mahali pengine unashushwa kwenye kibarabara cha pembeni chenye vumbi jekundu, na migomba ya kando imevaa vumbi hilo mpaka huwezi kujua jani lilikuwa na rangi gani. Katikati ya njia mwanamke mwenye bendera nyekundu alitusimamisha. Kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kilikuwa kazini mbele.

“Shikamoo, Mzee,” alimwambia kaka.

“Marahaba, mwanangu. Tutakaa sana?”

“Hata kidogo, Mzee. Dakika tano.”

Nilitazama saa yangu. Tulikaa saa nzima na dakika kumi. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba kule barabarani dakika tano ni jina la heshima la muda wowote ule.

Tulipokuwa tumesimama pale ndipo mtandao ulipokuja na simu ikatetemeka mkononi mwangu. Maandishi yalikuwa mekundu. Nilisoma mara mbili kabla ya kusoma kwa sauti: taarifa ya mahali ulipo si sahihi, akaunti yako imesimamishwa, mzigo umepewa dereva mwingine.

Kaka alizima injini. Alichukua kile kitambaa akaanza kufuta usukani uliokuwa tayari safi.

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Msichana mwenye sauti nzuri akajitambulisha kuwa ni Neema.

“Dereva wetu amebonyeza kwamba amefika akiwa bado mbali sana na mahali pa kupakia,” alisema.

“Mimi ndiye niliyebonyeza, mama. Tulitaka waanze kukata.”

“Kukata nini?”

“Ndizi.”

“Lakini mteja amejibu kwamba mzigo uko tayari.”

“Amesema uko tayari kwa sababu tumesema tumefika.”

Neema akasema polepole, kama mtu anayeongea na bibi yake, “Kwa hiyo, Mama, ninyi hamjafika, na mzigo hauko tayari.”

“Ndiyo. Ila kila mtu anajua.”

“Mfumo haujui, Mama.”

Alinieleza kwa adabu kwamba lori lingine lilikuwa limeshusha saruji Murongo na lilikuwa linarudi Mwanza tupu, na simu ikaliona kuwa karibu zaidi. Sikuwa na la kumlaumu. Nilimshukuru nikakata simu. Nilipogeuka, kaka alikuwa anatazama mbele, kwenye kile kijiko.

“Niliwahi kuona watu wakifungwa kwa shahidi mmoja tu,” nilimwambia. “Leo shahidi ni mimi. Nisamehe.”

“Nilikuambia mimi ubonyeze.” Akawasha injini kwa sababu bendera ilikuwa imegeuzwa. Pale mbele palikuwa na nafasi pana ya kugeuzia gari, nikadhani anarudi nyumbani. Akapita moja kwa moja.

“Tunakwenda wapi sasa?”

“Kaisho. Ma Anitha ameambiwa nimefika. Hivi sasa anakata. Nitamwachaje na ndizi chini?”

Nkwenda hadi Kaisho

Ma Anitha ndiye kiongozi wa kikundi cha wakulima wanaouza ndizi pamoja, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Kaisho. Tulimpigia kutoka Nkwenda mara sita, hapatikani. Kaka hakushangaa. Nyumbani kwake hakuna mtandao. Anaupata akiwa uwanja wa mpira wa shule tu, na kila akitaka kupiga simu anapanda mpaka pale. Maana yake aliisoma habari ya kufika kwetu akiwa uwanjani, akajibu mzigo tayari, akashuka kibanjani, kwenye migomba yake, na panga. Habari ya pili, kwamba dereva amebadilishwa, ilikuwa inamsubiri uwanjani bila yeye kujua.

Tulipita Isingiro, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, na wanaume wakisukuma baiskeli zenye mikungu mitatu mitatu, wameinama mpaka vichwa havionekani. Kila baada ya muda mmoja wao aliinua mkono akiona ile Fuso. Kaka aliwapigia honi fupi mbili. Nilianza kuhesabu honi hizo kwenye daftari, nikaachia thelathini na nane. Niliwaza kwamba siku gari hili likija na uso mwingine, watu wote hawa watabaki na mikono hewani.

Uwanja wa mpira

Tulifika saa sita na robo. Katikati ya uwanja wa shule lilisimama lori la rangi ya bluu, limejaa vumbi la saruji, na kijana mnene mwenye kofia alikuwa amekaa kwenye ngazi yake anatafuna muwa kwa hasira. Kwenye ramani ya simu, alama ya mahali pa kupakia ilikuwa palepale alipokaa. Ma Anitha alipojiandikisha alikuwa amesimama pale penye mtandao, na simu ikaamini kwamba ndipo ndizi zinapokaa.

“Shikamooni,” kijana alisema. Jina lake Baraka, mwenyeji wa Mwanza, Msukuma. “Ninyi ndio wenye mzigo?”

“Marahaba. Hapana, sisi ndio tulionyang’anywa,” kaka akajibu.

“Mzee, mimi sijanyang’anya mtu. Simu iliniita. Nimefika saa tano kamili, nikabonyeza nimefika, na kweli nilikuwa nimefika. Mteja anasema mzigo tayari. Uko wapi? Nimeona mbuzi wawili na magoli.”

Kaka alicheka, mara ya kwanza tangu Omurushaka. “Mwanangu, hapa hapakiwi ndizi. Nifuate.”

Tulishuka naye hadi uani kwa Ma Anitha, na hapo sitasahau nilichokiona. Njia zote tatu zinazotoka mabondeni zilikuwa zinamwaga mikungu. Kwenye baiskeli, vichwani, begani, kwenye machela ya miti. Uani palikuwa na kilima kibichi kinachong’aa. Ma Anitha, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha karibu, alikuja akifuta utomvu mikononi kwa majani.

“Ta Erasto! Umefika kweli leo! Na gari la pili umelileta?”

Ilinibidi mimi nieleze, kwa sababu kaka alikuwa ameshaanza kuwasalimia wazee mmoja mmoja. Nilieleza yote, pamoja na kidole changu kilichobonyeza. Ma Anitha akasikiliza, uso ukabadilika.

“Ndizi hizi zimekatwa kwa jina la Ta Erasto. Zitapanda gari la Ta Erasto.”

“Mayu,” Baraka akamwambia kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma, “mimi sina ugomvi na wewe. Lakini mzigo uko kwenye simu yangu. Nikirudi tupu wakati simu inasema nimepewa mzigo, na mimi nasimamishwa.”

“Kwani nilikuita wewe?”

“Ulisema mzigo tayari, Mayu.”

“Nilisema tayari, ndiyo. Mtu hasemi mzigo hauko tayari! Ni adabu gani hiyo?”

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaandika kwenye daftari langu jambo ambalo bado linanichoma: kati yetu wote pale uani, aliyesema kweli tangu asubuhi ni Baraka peke yake, na ndiye asiyekuwa na mkungu hata mmoja.

Wote wakamgeukia kaka. Hilo mlielewe vizuri. Angeitikia kwa kichwa tu, Ma Anitha angempa yeye mzigo, na angeweza kumwambia Ta Method kwamba safari ya tatu ameifanya. Kaka alimtazama Baraka, akaitazama ile saruji kwenye lori lake.

“Mzigo ni wa kijana,” alisema. “Alikuja alipoitwa. Ila hapakii ndizi namna hiyo.”

Akavua shati. Miaka sitini na mmoja, akapanda kwenye lori la mwenzake na ufagio. Akafagia saruji yote. Akaomba majani makavu ya mgomba, akayatandika kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, chini na pembeni, akampa Baraka mikungu mikubwa aipange kwanza karibu na kichwa cha gari.

“Usiirushe. Unamlaza mtu.”

“Hivi, Mzee?”

“Huyo umemlaza kifudifudi. Mgeuze apumue.”

Alimwonyesha namna ya kuacha uwazi katikati ili joto litoke, na mahali pa kuacha turubai lilegee. Baraka alisema amewahi kubeba saruji, nondo na soda, lakini hajawahi kubeba kitu kinachopumua. Mimi nilishika upande mmoja wa mikungu na wanawake, na ndipo kitenge changu kilipolowa utomvu mpaka kikawa kama ubao. Ma Anitha akaniletea chake. Akaniletea pia akamwani, kahawa kavu ya kutafuna, katika kikapu kidogo, akaketi nami kidogo ukutani.

“Lori la kijana limejaa,” alisema.

Niliinua macho. Lori lilikuwa limejaa kweli, na uani kilima cha pili kilikuwa bado kimelala. Majirani ambao hawamo kwenye kikundi walikuwa wamesikia kwamba Ta Erasto amefika, nao wakakata, kwa sababu siku zote yeye huwa hawaachi na zao. Simu haikuwahesabu hao.

Ma Anitha alijifunga kitenge, akapanda mlima hadi uwanjani, nami nikamfuata na simu zetu zote mbili. Tukapiga kwa Neema.

“Mteja, je, dereva wa kwanza alikudanganya?” Neema akauliza.

“Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyesema mzigo uko tayari wakati ulikuwa juu ya mgomba. Kama ni kumfungia, nifungie na mimi, halafu uje ule hizi ndizi mwenyewe.”

Nilisikia kicheko kikizibwa kwa mkono. Neema akasema ataongea na mkubwa wake, dakika tano. Niliogopa sana kusikia neno hilo. Lakini zilikuwa dakika tisa tu. Akaunti ikafunguliwa. Doa likabaki: onyo moja, lisilofutika. Ma Anitha akaandika mzigo wa pili palepale, simu ikatafuta lori lililo karibu, nalo lilikuwa uani kwake.

Kaisho hadi Kihanga

Tuliondoka saa kumi jioni, malori mawili. Kayanga kaka hakunishusha. Tulifika pale, akapunguza mwendo, akanitazama, nikasema, “Endesha.” Baada ya doa lile, nani angeshika simu?

Kihanga tulisimama kulala. Tukiwa tunakula wali na maharage, Ta Method akapiga. Kaka aliniambia nimwekee sauti kubwa kwa sababu mikono yake ina mchuzi.

“Erasto, nimeona doa.”

“Lipo, Mzee.”

“Nilisema nini?”

“Ulisema gari unampa mwingine.”

“Basi shusha huo mzigo, ukirudi pitia Bukoba uniletee funguo.”

“Nitakuletea.”

Akaendelea kula. Baraka, aliyekuwa upande wa pili wa meza, aliacha kijiko. “Mzee, kwa nini hukumweleza?”

“Ameuliza kama kuna doa. Lipo.”

Kihanga hadi Geita

Siku ya pili ndiyo ndefu. Tulivuka Mto Kagera pale Kyaka asubuhi na mapema, tukapita Bukoba bila kusimama, kaka akiwa anatazama mbele tu. Muleba tulinunua samaki wa kukaanga, tukala tukiwa tumesimama kwa sababu kaka alikuwa anazunguka malori yote mawili akiingiza mkono chini ya turubai kupima joto. La Baraka alilipima kwanza.

Biharamulo tulikuta madereva wengine wakipata chakula cha mchana, na ubishi ulikuwa huohuo wa aplikesheni. Mmoja alisema tangu ajiunge hajarudi tupu hata mara moja, zamani alikuwa anamsubiri dalali siku tatu mpaka anamjua mbwa wa dalali kwa jina. Mwingine akasema dalali angalau alijua ukiwa na mgonjwa nyumbani, simu haijui. Wakamwuliza kaka.

“Ni dalali mzuri,” alisema. “Halali usingizi, hanywi pombe, hana upendeleo. Ila ni mgeni, na mgeni anaamini kila anachoambiwa. Mimi nilisahau kwamba ni mgeni.”

Niliandika maneno hayo jinsi yalivyo. Nimeandika maelezo ya watu wengi maishani mwangu, na mara chache nimemsikia mtu akieleza kosa lake bila kujipaka mafuta wala kujipiga mwenyewe.

Geita tulilala.

Mwanza

Tulivuka lile daraja jipya refu la ziwani jua likiwa linachomoza, na kwa mara ya kwanza nikamsikia kaka akipiga mluzi. Baraka alikuwa mbele yetu. Kwenye lango la soko foleni ilikuwa ndefu, saa ilikuwa moja na nusu.

“Nibonyeze?” nikauliza. Lango lilikuwa linaonekana. Simu yenyewe ilikuwa imeshaweka alama yetu juu ya soko.

“Bado.”

Saa moja na dakika arobaini na tano. Tuliingia. “Kaka, muda.”

“Bado.”

Alirudisha gari nyuma mpaka kwenye jukwaa la kushushia, akavuta breki, akazima injini, akafungua mlango. Akashuka. Akasimama chini kwa miguu yote miwili, akaipigapiga ardhi kwa kiatu kana kwamba anaihakikisha.

“Sasa bonyeza.”

Saa moja na dakika hamsini na mbili. Mnunuzi, mama mmoja mwenye miwani, akafunua turubai letu, kisha la Baraka. Akachagua mkungu wa katikati kabisa, ule ambao siku zote huanza kuiva, akaugeuza. Ulikuwa mbichi kama uani kwa Ma Anitha. Akauliza nani amepanga. Baraka akamnyooshea kidole kaka kabla sijafungua mdomo.

Bukoba

Siku ya nne tulirudi, na siku ya tano asubuhi tulisimama mbele ya duka la Ta Method. Kaka alikuwa ameliosha gari Muleba, ndani na nje. Alichomoa kitambaa chake cha kufutia, akakikunja, akakiweka mfukoni. Nilijua ndiyo basi.

Ta Method alikuwa nyuma ya meza yake na simu mbele yake. Kaka akamsalimia, akaweka funguo mezani. Mwenye gari hakuzigusa.

“Kaa. Na dada yako akae.” Akasogeza simu. “Hii imeingia jana. Mzigo wa ndizi, Kaisho, wiki ijayo. Mama huyu ameandika kitu kwenye maelezo, na mimi sielewi kama ananitisha au vipi. Karani, soma.”

Nikasoma kwa sauti yangu ya mahakamani: “Nataka Ta Erasto. Asipokuwa yeye, sikati.”

Ta Method akaigeuza simu, akaisoma mwenyewe. “Hawa watu wako, wote wataniandikia hivi?”

“Wale wenye mtandao,” kaka akasema.

Ta Method akacheka kwa pua, akazisukuma funguo kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza. “Safari ya majaribio.”

“Ya nne?”

“Ya kwanza. Tunaanza upya. Doa liko palepale, nitaliona kila nikifungua.”

“Hata mimi nitaliona,” kaka akajibu, akazichukua. Kisha, kama mtu anayekumbuka: “Ila na wewe, Mzee, uwaombe wenye aplikesheni watuwekee kitufe kingine. Kile cha kusema Niko Omurushaka.”

Hicho kitufe hakijawekwa bado. Kaka na Ma Anitha wamepatana: kaka atapiga simu kwanza na kusema yuko Omurushaka, naye Ma Anitha atakata palepale, kwa sababu wameamua kuaminiana hata wakiambiana ukweli. Baraka naye amempigia kaka mara mbili kumwuliza habari za joto. Jeni akifunga chuo ataninyang’anya kiti changu, lakini kwa sasa safari ijayo nimo.

Jumamosi nawakaribisha wote nyumbani kwa mazoezi ya kwaya. Mjue tu kwamba nawafahamu. Mkinipigia kusema mmefika, sitatoka nje kuwapokea. Nitaanza kumenya ndizi.